Rangi ya Kuchora Raba: Anzia Kwenye Mkunjo

Mtu akiniletea raba nimchoree, mazungumzo huanzia kwenye picha. Anataka maua, jina la mwanawe, mnyama fulani, sura ya mchezaji anayempenda, na simu yake imeshajaa mifano. Namsikiliza, halafu namwomba kitu ambacho wengi hawakitarajii: avae viatu na atembee kidogo mbele yangu. Macho yangu yako chini. Natazama kiatu kinakunjika wapi na kwa kiasi gani, maana hapo ndipo ninapojua nichukue rangi ipi. Picha tutaelewana baadaye.

Kwenye raba nyingi za turubai, mkunjo mkubwa uko nyuma kidogo ya ile kofia ya mpira ya mbele, pale vidole vinapoungana na wayo. Kuna mwingine mdogo ubavuni, chini ya matundu ya kamba. Kisigino na pande za nyuma hazikunjiki sana, na kwa kweli sehemu hizo huvumilia karibu rangi yoyote. Mkunjo wa mbele hauvumilii. Unabanwa na kufunguliwa kila hatua, na mtu anayetembea tembea hupiga maelfu ya hatua kwa siku. Ukishaliona hilo, ule ushauri wa kwamba rangi fulani "inafaa kwa kitambaa" unapungua uzito, kwa sababu aliyeutoa huenda alikuwa anawaza fulana. Fulana inafuliwa na kupigwa pasi, basi. Kiatu kinakunjwa, kinasuguana na suruali, kinakanyagwa na wenzake, kinaloa, kinaanikwa, kisha kinakunjwa tena.

Wengi huanza na akriliki ya kawaida, ile ya chupa au tyubu inayouzwa kwa wachoraji, na mimi sina ugomvi nayo. Inapatikana kirahisi, rangi zake zinawaka, haina harufu kali, na brashi huoshwa kwa maji. Ila inafaa kujua imetengenezwaje kabla hujaipaka kwenye kiatu cha mtu. Ndani yake kuna unga wa rangi, maji, na vitone vidogo mno vya plastiki vinavyoelea kwenye maji hayo. Maji yakishatoka, vitone husogeleana, hushikana na kuwa utando mmoja ulioufungia ule unga ndani yake. Utando ukishakamilika maji hayauyeyushi tena. Ndiyo maana akriliki ikikaukia kwenye brashi, hiyo brashi imekwenda, na ndiyo maana mvua haiiondoi kwenye kiatu.

Tatizo ni utando wenyewe. Akriliki za kuchanganywa na maji zilipoanza kuuzwa kwa wachoraji, miaka ya 1950, zilikusudiwa ubao, ukuta na turubai iliyowambwa kwenye fremu. Ni turubai hiyo hiyo, ila pale imetulia, haiendi popote. Ukiipaka nene kwenye raba, rangi inalala juu ya nyuzi badala ya kuingia kati yake. Inafukia vibonde vya ufumaji na kuacha uso laini unaong'aa. Siku hiyo unapendeza sana. Kinachofuata kinaonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia baada ya kiatu kuvaliwa kwa muda. Kwanza hutokea mstari mwembamba katikati ya mkunjo, na ndani yake unaona weupe wa uzi. Mistari mingine inazaliwa pembeni yake, sambamba. Halafu kipande kilichoko kati ya mistari miwili kinanyanyua ukingo, na siku ukikigusa kwa ukucha kinatoka kizima, upande wake wa chini ukiwa umechapwa alama za nyuzi kama muhuri. Alama hizo zinakwambia kila kitu: rangi ililigusa turubai, haikulishika.

Kinachoibadilisha akriliki ya namna hiyo ni kilainishi cha kitambaa, si kile cha kufulia nguo bali cha kuchanganya na rangi. Huuzwa peke yake, ni kimiminika cheupe, kizito kidogo, nacho pia ni akriliki, ila ya aina laini zaidi na isiyo na unga wa rangi. Unakichanganya na rangi kabla ya kupaka. Chupa nyingi huelekeza sehemu moja ya kilainishi kwa mbili za rangi, nyingine nusu kwa nusu. Mimi hufuata chupa, isipokuwa kwenye mkunjo, ambako huenda nusu kwa nusu hata pale chupa inaporidhika na kidogo. Utasikia tofauti kwenye brashi hapo hapo: rangi inateleza, inazama, na ukipitisha kidole ikishakauka bado unausikia ufumaji wa turubai. Hicho ndicho kipimo changu. Kidole kikiteleza bila kukwaruzwa na nyuzi, rangi ni nene mno.

Kuna gharama yake. Kilainishi hupunguza nguvu ya rangi kufunika, kwa hiyo itabidi upake tabaka kadhaa nyembamba, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Na rangi itakuwa nyeusi zaidi ikikauka kuliko ilivyokuwa kwenye sahani. Hiyo ni tabia ya akriliki zote, kwa sababu vile vitone huonekana vyeupe vikiwa majini na huanza kupitisha mwanga vikishashikana, ila ukiongeza kilainishi weupe unaopotea ni mwingi zaidi. Rangi ya zambarau iliyokuvutia ikiwa mbichi inaweza kukauka karibu na bluu ya usiku. Kwa hiyo mchanganyiko wowote mpya naupaka kwanza upande wa ndani wa ulimi wa kiatu, pale kamba zinapofunika, naacha ukauke kabisa, ndipo naamua. Ulimi una faida nyingine pia: unaweza kuukunja kwa vidole mara nyingi upendavyo na kuona kama kuna kinachopasuka, kabla hujagusa sehemu inayoonekana.

Wanaoanza wengi hutumia maji badala ya kilainishi. Kwa macho matokeo yanafanana, maana rangi inakuwa nyepesi na inaingia kwenye kitambaa. Lakini maji yakizidi, vitone vinatawanyika mbali mno kuweza kushikana vizuri, na unga wa rangi unabaki bila wa kuushikilia. Kiatu kinakauka kikiwa na uso wa chaki, na ukikisugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, rangi inahamia kwenye kitambaa. Maji kidogo ya kulainisha ncha ya brashi hayana neno. Ukitaka wepesi zaidi ya huo, ongeza kilainishi.

Rangi zilizotengenezwa maalumu kwa kitambaa, mfano Jacquard Textile Color au Setacolor ya Pebeo, nyingi ni jamaa wa akriliki hao hao, tofauti ni kwamba plastiki yake imechaguliwa laini tangu kiwandani. Hazihitaji kilainishi. Kama unaanza na hutaki kupimapima, nunua hizi, chupa chache tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na bluu. Lakini soma kibandiko, kwa maana jina "rangi ya kitambaa" limebeba vitu vingi. Kuna nyepesi mno inayokimbia kwenye nyuzi, nzuri kwa kutandaza rangi ya nyuma ila haiwezi kuchora mstari safi. Kuna nzito zilizokusudiwa kufunika kitambaa cheusi. Kuna zenye kumeta. Na kuna zile za kuvimba, zinazobaki zimeinuka juu ya kitambaa. Hizo mimi siziweki popote kwenye pua ya kiatu. Kisigino sawa, ubavu wa nyuma sawa.

Rangi za viatu vya ngozi, kama za Angelus, zina sifa nzuri kwa wanaochora viatu vya michezo, na ni kweli zinakunjika vizuri. Lakini zimetungwa kwa ajili ya ngozi. Kwenye turubai zinakakamaa, na kampuni yenyewe inauza kilainishi chake, 2-Soft, cha kuchanganya unapopaka kitambaa. Ukiona mtu anasema amezipaka bila kilainishi kwenye turubai na hazijapasuka, muulize amepaka sehemu gani ya kiatu.

Rangi ya mafuta ndiyo inayonipa kazi ya kukataa wateja. Kijana mmoja aliniletea raba zilizochorwa na mtu mwingine kwa rangi ya kung'aa, ile ya milango na madirisha. Alikuja na swali la kistaarabu kabisa: "Kaka, hii naweza kuitoa nikaanza upya?" Kazi ya mkono ilikuwa safi, mistari imenyooka, lakini pua yote ilikuwa imegawanyika vipande, na kuizunguka kila herufi kulikuwa na doa la manjano lililotambaa kwenye turubai. Ni mafuta yale, yametoka kwenye rangi yakafuata nyuzi. Kitu kinachoweza kuyeyusha rangi hiyo iliyokauka kinaweza pia kuharibu gundi ya soli, na doa la mafuta lingebaki. Nilimwambia ukweli, akaondoka nazo zikiwa vile vile. Rangi ya ukutani ya maji nayo haina nafasi hapa, ingawa haiachi doa: imetengenezwa kukaa juu ya plasta isiyosogea. Rangi nyingi za kupuliza za kopo hivyo hivyo, zinakauka ngumu.

Kabla ya rangi kuna kitambaa chenyewe, na hapa mimi hutumia tone la maji. Dondosha tone moja ubavuni mwa kiatu. Likinywewa mara moja, rangi itaingia. Likikaa juu limejikusanya, kiatu kimewekwa dawa ya kuzuia maji au kina wanga wa kiwandani, na rangi utakayopaka itakaa juu ya dawa hiyo na kuondoka nayo. Osha kwa maji na sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe, kausha kabisa, jaribu tone tena. Hata kiatu kipya kabisa nakipangusa, kwa sababu mafuta ya mikono ya walioshika yanatosha kuzuia rangi mahali. Turubai la pamba ndilo rafiki mkubwa wa kazi hii. Mchanganyiko wa pamba na poliesta unakubali. Poliesta tupu inategemea rangi. Zipo za kitambaa zinazoshika na zipo zisizoshika, na kibandiko huwa kinasema. Viatu vya wavu vya kukimbilia navikataa mara nyingi: kila tundu linataka kuzibwa, ukiziba kiatu hakipumui, usipoziba picha haionekani. Na mpira wa pembeni ya soli usiupake rangi ya kitambaa. Itabanduka tu, kwa kuwa hakuna nyuzi za kushika.

Raba nyeusi zinastahili maneno yake. Watu hudhani rangi hafifu ni rangi mbaya, kumbe rangi nyingi kwa asili hupitisha mwanga, haziuzuii. Mwanga huo unagonga kitambaa cheusi na haurudi. Njano juu ya nyeusi hugeuka kijani cha matope. Nyeupe ndiyo inayoziba vizuri, kwa sababu ya titani dioksidi iliyomo, ambayo hutawanya mwanga kwa nguvu sana. Kwa hiyo unachora umbo lote kwanza kwa nyeupe, tabaka mbili au tatu nyembamba, likikauka unaweka rangi zako juu. Lakini kumbuka hesabu ya unene: nyeupe chini, rangi juu, tayari una tabaka nyingi. Nikichora raba nyeusi, naiacha sehemu ya mkunjo iwe nyeusi yake ya asili. Hapo mchoro ndio unaohama.

Na hilo la kuhamisha mchoro nalifanya hata kwenye raba nyeupe. Mteja akitaka picha ipite pua nzima, nagawa kazi. Anga, maji, kivuli, chochote cha nyuma, nakitandaza kwa rangi nyepesi inayozama ndani ya nyuzi karibu kama rangi ya kuchovya, na hiyo ndiyo inayovuka mkunjo. Macho, mistari myeusi, vitone vyeupe vya mng'ao na kila kinachohitaji unene navisukuma pembeni au mbele ya mkunjo. Wapo wanaobisha. Naweka kidole kwenye kiatu walichokuja nacho mguuni, kwenye ile mistari ambayo tayari imejikunja, nawauliza kama wanataka jicho la mtoto wao likae hapo.

Kalamu za maka nazo zina mahali pake, na mtego wake. Zile za kudumu zenye wino wa spiriti hutambaa kwenye pamba. Unachora mstari mwembamba, dakika moja baadaye umenenepa na una manyoya. Nyeusi zake mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, zikitambaa zinaachana, na pembeni unabaki na ukungu wa zambarau au bluu. Mbaya zaidi, ukija kupuliza dawa ya kinga yenye vimumunyisho, yaani kemikali za kuyeyushia, wino uliokuwa umetulia unaamka na kuanza kukimbia upya, picha ikiwa imeshakamilika. Kalamu zenye rangi ya maji ndani yake, kama Posca, hazina tabia hiyo, na kwa herufi ndogo ni rahisi kuliko brashi. Wino wa spiriti nautumia ndani ya kiatu tu, kuandika saizi na jina la mwenyewe.

Rangi nyingi za kitambaa na vilainishi vingi hutaka joto ili vikamilike. Kilainishi cha GAC 900 cha kampuni ya Golden, kwa mfano, bila joto hakijamaliza kazi yake. Kwa fulana ni rahisi, unapiga pasi. Kwa kiatu unapigana na umbo. Kwanza subiri rangi ikauke siku nzima, angalau saa 24. Kisha jaza kiatu vitambaa vilivyokazwa kipate mgongo, funika mchoro kwa karatasi ya kuokea au kitambaa chembamba cha pamba, bonyeza kwa ncha ya pasi iliyo kavu, bila mvuke, kidogo kidogo. Usijaze magazeti, wino wake huhamia kwenye kitambaa kikiwa na unyevu. Sehemu ambazo pasi haifiki natumia mashine ya kukaushia nywele kwenye joto lake la juu, kwa muda mrefu, nikiisogeza. Fungua madirisha wakati huo, kwani baadhi ya vilainishi hutoa hewa ya kuwasha vikipigwa joto.

Angalia soli. Raba za turubai za mtindo wa zamani huunganishwa na mpira wake kisha huokwa pamoja, kwa ule ule uchomaji wa mpira na salfa ambao Charles Goodyear aliugundua mwaka 1839, na hizo hazishtushwi na joto kidogo. Lakini viatu vingi vingine soli imegandishwa kwa gundi tu, na gundi inalegea. Kuna wanaoshauri kuingiza kiatu kwenye oveni. Mimi hapana.

Dawa ya kuzuia maji huja mwisho kabisa, rangi ikishakamilika. Inapendeza kujua kwamba dawa maarufu ya kundi hili, Scotchgard, ilitokana na kiatu cha turubai: mwaka 1953 katika maabara ya kampuni ya 3M huko Marekani, matone ya kemikali yalidondokea kiatu cheupe cha msaidizi, Patsy Sherman na mwenzake Samuel Smith wakaona kwamba pale ilipodondoka hapakubali maji wala uchafu. Mwaka 2000 kampuni hiyo ilitangaza kuachana na kemikali ya awali, iliyokuwa na florini, kwa sababu ya kudumu kwake kwenye mazingira na miilini, na sasa zipo za kupuliza zisizo na florini. Ninazopendelea ni hizo, zile zinazoacha kitambaa kipumue. Pulizia nje, kwa mbali, mara mbili nyepesi. Usiitegemee kushikilia rangi ambayo haikushika. Inazuia maji na uchafu, si zaidi. Vanishi ngumu ya kung'aa usiiguse, itarudisha utando wote uliokuwa unaukwepa.

Viatu nikivikabidhi nasema visiloe kwa wiki moja au mbili, na visiingie kwenye mashine ya kufulia hata baadaye. Maji baridi, sabuni laini, brashi laini, kisha vianikwe kivulini. Mchanganyiko wa rangi uliobaki nautia kwenye kichupa kinachobana, juu nimeandika ni rangi zipi na kwa vipimo gani, kwa ajili ya kurekebisha pale suruali itakaposugua ubavu. Pinki au kijani uliyochanganya kwa macho huwezi kuirudia ikafanana. Kabla ya kutumia kichupa cha zamani nakifungua na kunusa; kikiwa na harufu ya uvundo au mabonge, nakitupa na kuchanganya upya kwa vipimo vile vile.